Salamu za Kutembea

Kila asubuhi Dorca, mwenye miaka tisini na moja, hufunga kamba za raba na kutembea hadi soko la Otonglo na kurudi. Tangu mjukuu wake Lornah arudi kutoka India na moyo wa kupandikizwa, moyo huo hufuata miguu ya Dorca. Akikaza mwendo, nao unakaza. Usiku Dorca hutikisa mguu usingizini, kama alivyowabembeleza wanawe, na Lornah hulala vizuri.

Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo wa Lornah kimo hospitalini mjini, ndani ya boksi, kikingoja sahihi.

"Mama, bado tunafuatilia," nesi alimwambia Dorca kwa simu. "Bosi ako semina."

Walijaribu miguu ya Griffins, kaka yake Lornah, mcheza mpira. Moyo ulienda mbio hadi Lornah akatapika. Ulitaka miguu ya mwanamke mzee sana, na haukueleza kwa nini.

Shida ilikuwa salamu. Otonglo humpungii mtu mkono ukapita kana kwamba una deni lake. Unasimama, unamshika mkono, unauliza habari za ng'ombe, wajukuu na goti. Siku moja Mchungaji Wesonga alimkuta Dorca kando ya barabara ya Busia, akamshika mikono yote miwili, akafumba macho kuiombea familia. Maombi yalikuwa mazuri, na marefu. Nyumbani, Lornah alianguka juu ya dagaa wa omena aliokuwa akiwachambua.

Dorca alihisi ubaridi kwenye nyayo. Akajua moyo wa Lornah unasimama.

"Pastor, malizia ukitembea!" akasema, akachomoka. Mchungaji akamfuata akiomba, na Lornah akaamka na omena kwenye nywele.

Jumapili ikatangazwa kanisani, baada ya matangazo ya harusi, kwamba Dorca asalimiwe akitembea. Sasa wauza nyanya huacha meza zao, wakaenda naye kidogo wakiuliza goti, wakarudi. Wajane wa rika lake wamenunua raba ili wapokezane naye. Nabututu, mmoja wao, aliyekuwa hatoki kitandani, anapanda kilima cha Riat bila mkongojo.

Hospitali iliposikia ilifurahi mno. Boksi halijafunguliwa, nesi huweka birika la chai juu yake. Majuzi wagonjwa wengine wawili wameelekezwa Otonglo.

"Dani, na mkichoka?" Lornah alimuuliza bibi yake jioni moja, akizunguka uani.

Dorca hakusimama. "Si na wewe utazeeka? Anza zoezi."

Lornah akaingia ndani kutafuta raba.