Nyanya ya Chini ya Kikapu

Daktari wa moyo alimkataza Mama Mkasi vitu vitatu: chumvi, ngazi na hasira. Chumvi aliiacha shingo upande. Ngazi hakuwa nazo nyumbani, kwa hiyo hilo halikumsumbua. Lakini hasira! Mtu ameshona nguo za watu tangu usichana wake, amewapima viuno wateja wanaobana pumzi ili waonekane wembamba, kisha wanarudi kulalamika kwamba gauni linabana, halafu leo anaambiwa asikasirike? Aishi kwa nguvu gani?

Tangu atoke hospitali, sokoni alikuwa akienda Kitinda, binti yake wa mwisho, aliyehamia kwake kumuuguza. Kila aliporudi, Mama Mkasi alikivuta kikapu na kukikagua. Karoti zilikuwa nene na ngumu kama kuni. Biringanya zilikuwa zimesinyaa.

"Hizi ulinunua," aliuliza, "au uliokota?"

"Mama, usipandishe presha."

Hilo "usipandishe" alilisikia asubuhi, mchana na jioni. Watoto wake wote walikuwa wamejifunza kulisema. Wakimpigia simu walimkubalia kila neno, hata pale alipokosea kwa makusudi ili tu abishiwe.

Jumamosi hiyo Kitinda alikubali kumpeleka, ila kwa sharti. "Ukikasirika tu, mama, hiyo ndiyo mara ya mwisho. Nitaagiza kila kitu kwa simu, kiletwe mlangoni."

"Nitakuwa mpole," alisema Mama Mkasi, na alikuwa anasema uongo.

Soko lenyewe lilikuwa kwenye uwanja nyuma ya posta, na waliouza pale ni wale wale waliolima. Alipoingia tu langoni alisimama kidogo. Pilipili hoho zilikuwa zimepangwa nyekundu, za kijani na za njano. Mchicha ulikuwa bado na maji ya alfajiri, na maboga yalikuwa chini na udongo wake. Harufu ya kotimiri ilimpanda puani, akahisi kwamba siku hiyo ndipo alipotoka hospitali kweli. Alipenda kuangalia, kunusa na kushika, lakini zaidi ya yote alipenda kubishana. Huko ndiko alikokuwa bingwa. Jina la Mkasi watu walidhani lilitokana na kazi yake, kumbe alipewa hapo sokoni, kwa jinsi alivyokata bei.

Alianzia kwa muuza karoti, kijana mwenye kelele. Akauliza bei, akatajiwa, akacheka kwa dharau kama ilivyo ada.

"Nusu."

"Sawa, mama. Chukua."

Mama Mkasi alibaki na fungu mkononi. Alikuwa ametayarisha maneno ya kutosha robo saa, na sasa hakuwa na pa kuyaweka.

Akaenda kwa mama wa mchicha. "Mchicha gani huu? Umeuvuna au umeuburuta barabarani?"

Yule mama, ambaye zamani angemrushia jibu la kumwasha masikio, aliinamisha macho. "Samahani, mama. Ngoja nikuongezee fungu jingine."

"Sitaki kuongezewa! Nataka useme mchicha wako ni mzuri!"

"Ni kama unavyosema wewe, mama."

Kwa muuza mayai aliletewa kiti. Kwa muuza asali aliombewa dua. Kila alipotia neno kali alirudishiwa tabasamu, lile tabasamu ambalo watu huwapa wagonjwa na watoto wachanga. Damu ikaanza kumchemka. Soko zima lina nini leo? Wamelishwa nini hawa?

Akajipa moyo: Jenerali yupo. Jenerali alikuwa mzee wa nyanya, aliyeitwa hivyo kwa sababu alizipanga nyanya zake kwa safu, na ole wake mteja atakayevunja safu. Kushika nyanya zake ilikuwa matusi. Kuzibonyeza ilikuwa vita. Ugomvi wao wawili ulikuwa na miaka mingi, na ulipoanza, wauzaji wa jirani waliacha biashara wakasogea kusikiliza.

Mama Mkasi akachagua nyanya ya safu ya mbele kabisa. Akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ngozi ikabonyea, huku akimtazama mwenyewe machoni.

Jenerali alimeza mate. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Bonyeza tu, mama," akasema taratibu. "Bonyeza zote."

Hapo Mama Mkasi alielewa. Aligeuka akamtazama binti yake, na Kitinda akatazama viatu vyake.

"Umewaambia nini hawa?"

"Nilipita juzi, mama. Niliwaomba wasikubishie. Nimefanya kwa sababu nakupenda."

"Soko zima? Meza kwa meza?"

"Daktari alisema..."

"Mmenizika!" Sauti ilimpasuka. "Mmenizika mkanisahau juu ya ardhi! Nyumbani nakubaliwa, kwenye simu nakubaliwa. Hapa ndipo palipobaki, mahali pamoja tu ambapo mtu aliweza kuniambia mama wewe ni mkorofi, niachie bei yangu uende zako. Na hapo napo umenifungia!"

Kitinda alikuwa amejiandaa kwa makelele zaidi, lakini hayakuja. Mama yake aliirudisha nyanya mahali pake, taratibu, bila kuvunja safu.

"Agiza kwa simu," alisema. "Sina haja na soko."

Akaanza kuondoka. Alipita kwenye hoho bila kuzitazama, akaburuta miguu kama mtu aliyeshindwa kesi.

"We mama! We!"

Ilikuwa sauti ya Jenerali, na haikuwa na upole hata chembe.

"Unakwenda wapi? Umeibonyeza nyanya yangu, sasa utainunua! Unadhani nalima kwa ajili ya kidole chako?"

Mama Mkasi alisimama. Akageuka polepole.

"Nani kaibonyeza? Imetoka shambani kwako imebonyea! Nyanya zako zinazaliwa zimechoka!"

"Zimechoka kwa kukuona wewe! Miezi yote uliyolala zilikuwa zinang'aa. Uliza watu!"

"Zilikuwa zinang'aa kwa mafuta unayozipaka!"

"Bei ni ile ile, na leo nimepandisha kwa ajili yako!"

Mama Mkasi alikuwa amekwisha kurudi mezani, kikapu kimewekwa chini, mikono kiunoni. Watu walisogea. Mama wa mchicha alifuta mikono na kuja mbele kabisa. Kitinda alinyoosha mkono amshike mama yake begani, akauona uso wake ulivyochangamka, akaurudisha mkono. Waligombana mpaka Jenerali akapunguza kidogo sana, kwa manung'uniko, na kujaza kikapu huku akiapa kwamba huyo mama asikanyage tena mbele ya meza yake.

Nyumbani Mama Mkasi alimwaga kikapu juu ya meza ya jikoni. Chini kabisa palikuwa na nyanya iliyooza upande mmoja, upande mzuri ukiwa umegeuzwa juu.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Mwizi mkubwa yule! Amenitilia mbovu, mimi, mgonjwa wa moyo!"

"Moyo unauonaje, mama?" aliuliza Kitinda.

"Achana na moyo, tazama nyanya! Na usiitupe, ni ushahidi. Ameiingiza saa ngapi huyu?"

Kitinda alikuwa akiosha mchicha. "Ulipoinama kuokota leso. Nilimwona."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza? Unaona mama yako anaibiwa mchana kweupe, unanyamaza?"

"Nilinyamaza, mama."

Mama Mkasi akaifunga ile nyanya kwenye karatasi na kuiweka juu ya kabati.

"Jumamosi tutatoka mapema," alisema. "Na wewe utabeba kikapu, mimi nataka mikono yote miwili."