Matuta Nyuma ya Kibanda cha Mvuke

Reino Kuusisto hakuwa mtu wa kukaa. Hata kahawa aliinywa wima, kikombe mkono huu, funguo za trekta mkono ule, na dada yake Aune alizoea kusema kwamba siku Reino atakapoketi ndiyo siku watakayomzika.

Mwaka ule alikuwa na sababu ya kutotulia. Novemba iliyopita baba yao, Urho, alikuwa amevunjika nyonga, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake msimu wa kuwinda kulungu ulifunguliwa yeye akiwa dirishani, mkongojo magotini. Wenzake wa kambi ya wawindaji walikwenda msituni bila yeye. Waliporudi walimletea paja la kulungu, limefungwa vizuri kwenye karatasi. Urho alishukuru, akafunga mlango.

"Wameniletea nyama kama mgonjwa," alisema, na tangu hapo kambi hakuitaja tena.

Mguu ule usingeingia msituni tena. Basi Reino akajiapiza: ikiwa baba hawezi kuwafuata kulungu, kulungu watamfuata baba. Nyuma ya kibanda cha mvuke, walimooga kila Jumamosi, palikuwa na shamba la bondeni lililoachwa miaka mingi, likipakana na msitu wa mierezi. Angepanda majani ya klova na nafaka ya oti, wanyama waje kula mbele ya kibaraza, na Urho awinde akiwa kitini mwake. Alilitangaza jambo hilo kambini, chini ya ukuta uliojaa vipande vya mashati. Maana pale anayefyatua risasi akakosa hukatwa pindo la shati, na kipande hupigiliwa misumari ukutani, na anayekatwa hucheka kuliko wote. Walimcheka yeye. Waino, mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi, alimshauri apande mpunga afuge na vyura, kwa kuwa udongo ule hata bata waliukanyaga kwa mashaka.

"Cheka tu, Waino," Reino alimjibu. "Novemba utakuja kubisha hodi uchungulie."

Mwezi wa Mei, theluji ilipokwisha, shamba lilionekana limekauka. Juu lilikuwa limekauka. Chini lilikuwa uji. Aune, aliyeuza mbegu dukani mjini, alimwambia angoje. Kungoja tena! Akalitia trekta shambani. Ardhi ilikuwa na vinundu virefu vya nyasi, vimejipanga mwanzo hadi mwisho kama mbavu za ng'ombe mzee, na Reino akaanza kwa kuvisawazisha, kwa sababu alitaka shamba la kupigwa picha. Akasikia baba yake akigonga kioo cha dirisha kwa mkongojo, ko, ko, ko. Akajua anashangiliwa. Akampungia mkono, akaongeza moto.

Shamba likawa bapa kama meza. Akamwaga mbegu za kwenye mfuko wenye picha ya dume la pembe nene. Mvua ikaja, maji yakakosa pa kwenda, na mbegu zikaozea humo humo; chache zilizochomoza zilikuwa njano kama kucha za mvutaji. Reino hakungoja pakauke. Alirudi na trekta, likazama hadi ekseli, ndoo ya mbegu ikapinduka kwenye matope, na ilibidi Waino aje na winchi yake, akivuta huku akiuliza vyura wanaendeleaje. Urho aliyaona yote kutoka dirishani. Usiku huo alikula, akalala.

Baada ya wiki mbili hivi Reino alikwenda kuchukua mnyororo aliousahau. Shamba zima lilikuwa limekufa, isipokuwa mahali pamoja. Pale tairi zilipochimba mitaro, zikarundika tope pembeni, juu ya tope lile mbegu za ndoo iliyopinduka zilikuwa zimeota mstari wa kijani uliokolea, na maji yametulia chini mtaroni. Alichuchumaa akautazama. Kisha akakimbia nyumbani, mabuti na matope yake, hadi jikoni.

"Baba, ni matuta! Shamba lile linataka matuta."

"Lilikuwa nayo," Urho alisema. "Babu yako aliyapiga kwa beleshi kabla sijazaliwa. Wewe umeyalaza asubuhi moja, na nilipogonga dirisha ukanipungia mkono kama bibi harusi."

"Sasa mbona baadaye hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira. Hata sasa ninayo."

Trekta halikuingia tena. Majira yote ya joto, akitoka kiwanda cha mbao, Reino alipiga matuta kwa beleshi la babu yake, mbu wakimla shingo, akiielekeza mitaro kwenye mfereji wa kando ya shamba. Mwezi wa Agosti alipanda oti, na ile klova ya maua ya rangi ya waridi ambayo Aune alimwapia kuwa haiogopi maji. Safari hii ikaota. Hapo ndipo kutotulia kwake kulipotaka kuharibu yote, kwani kila jioni alikwenda kutafuta nyayo, akiacha harufu yake kila mahali, mpaka Aune akamfichia mabuti.

"Kulungu hawaji kukusalimia wewe," alimwambia. "Kaa ndani."

Siku ya kufungua msimu, Urho aliwekwa kibarazani, mablanketi ya sufu hadi kifuani, bunduki mapajani. Reino alikaa kando yake. Goti lake lilikuwa likicheza, na mbao zikilia.

"Shika huo mguu," Urho alinong'ona.

Asubuhi ikapita bure, na mchana pia. Jua lilipolegea, dume likatoka kwenye mierezi. Likasimama, likanusa, likapanda tuta la tatu, likainamisha kichwa kula. Reino alilishika goti kwa mikono miwili. Urho aliinua bunduki polepole, akafyatua.

Theluji iliruka nyuma ya dume. Mkia mweupe ukapaa, ukapotea.

Waino na wenzake waliusikia mlio, wakaja mbio. Walipomkuta mzee na tuta tupu, Waino alivua kofia, akasema kwa sauti ya hospitalini kwamba si neno, baridi ilikuwa kali, na kwa nyonga ile amejitahidi sana. Uso wa Urho ukafunga. Reino aliujua uso huo. Ulikuwa ule wa siku ya paja la karatasini. Aliingia ndani, akarudi na mkasi wa jikoni.

"Simama, Baba."

Waino aliguna. Urho alimtazama mwanawe, akautazama mkasi, akajivuta juu kwa mkongojo. Akalichomoa shati mwenyewe kutoka kwenye suruali.

"Kata kikubwa," alisema. "Na wewe Waino, kipigilie juu ya chako. Halafu huyu kesho akae ndani na goti lake."