Haya, Nisomee

Siku Bosi alipotundika ile skrini ukutani, mkabala na mlango wa choo, nilijua akili zimeanza kumruka. Skrini kubwa kama meza ya kulia, ina majina yetu sote waandika programu, na mbele ya kila jina kuna ufito wa kijani unaorefuka kadiri unavyotoa mistari mingi ya programu. Anayetoka chooni anauona, mgeni anauona, hata anayeleta maji ya kunywa anajua nani mvivu. Mimi nilikuwa wa mwisho, tena wa mwisho wa kudumu, kwa sababu nilikuwa na tabia mbaya ya kusoma ninachotoa.

Juu kabisa alikaa jamaa tuliyembatiza Umeme. Umeme haandiki kitu. Anavaa visikizio vyake masikioni, anaiambia akili mnemba iliyo kwenye kompyuta anachotaka, inammwagia mistari, naye anabonyeza "kubali" huku anatafuna karanga. Hiyo akili mnemba ofisi nzima tunaiita Mjomba, maana ukiiomba kitu haikosi kukupa, hata kama haina. Bosi akipita nyuma ya kiti cha Umeme humpapasa bega kama vile mtu anampapasa farasi wake.

Zamani tulikuwa na utaratibu wetu wa kusomeana. Ukimaliza kazi unamvuta mwenzako akae kando yako, anaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta popote apendapo, anasema, "Haya, nisomee." Nawe unamweleza mstari ule unafanya nini na kwa nini upo. Ukibabaika, kazi haitoki. Ilikuwa inaudhi, sikatai, lakini tulilala usingizi. Bosi akaufuta. "Kusomeana kunatupunguzia kasi," alitangaza kikaoni. "Kuanzia sasa Mjomba ataandika na Mjomba atakagua." Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani!

Sasa sikia. Kazi yetu kubwa ni programu ya miadi ya kliniki ya figo. Wagonjwa wale husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na programu huwatumia ujumbe kwenye simu: kesho njoo, saa fulani, kitanda fulani. Mama yangu ni mmoja wao. Akichelewa hata saa chache, maji yanamjaa mwilini, miguu inavimba, pumzi inamkata. Na mama, maskini, ameitangaza programu ile kliniki nzima. "Hii kaandika mwanangu," huwaambia wenzake. "Ikikwambia njoo, njoo. Ikikwambia kaa, kaa."

Asubuhi moja nikampigia nijue kama kashafika kliniki.

"Leo siendi," akasema.

"Huendi kwa nini, mama?"

"Simu imesema mpaka wiki ijayo. Kumbe hujui? Si kazi yako hii?" Alikuwa anasimama katikati ya maneno kuvuta hewa.

"Mama, vaa viatu, nakuja sasa hivi."

"Viatu haviingii," akasema. "Na usinifokee. Hata yule mwenzangu wa kitanda cha jirani kapata ujumbe kama wangu. Alikuwa na wasiwasi, nikamwambia apumzike tu, mwanangu hawezi kukosea."

Nilikimbia kwake. Nilimkuta ameegemea mlango, uso umejaa, miguu imetuna ndani ya kandambili. Tulipofika kliniki, muuguzi alikuwa ameshika simu, anawatafuta wagonjwa mmoja mmoja, vitanda vingi vitupu. "Hiyo programu yenu," aliniambia bila hata salamu, "leo imetaka kutuzikia watu." Akamlaza mama, akamfunga kwenye mashine, akampigia na yule jirani yake. Alhamdulillahi, wote walikuja, na waliochelewa walipona.

Nikakaa sakafuni kando ya kitanda cha mama, nikafungua kompyuta yangu. Sikuhitaji kutafuta sana. Jana yake Umeme alimwagiza Mjomba aondoe miadi inayojirudia. Mjomba kaona mtu mmoja yumo mara tatu katika wiki moja, kaona hapana, huyu kajirudia, kamwachia siku moja. Tulikuwa na jaribio la zamani, yaani programu ndogo ya ukaguzi, linalopiga kelele mgonjwa akipungukiwa siku. Likapiga kelele, likawa jekundu. Umeme akamwambia Mjomba, "Fanya vyote viwe kijani." Basi Mjomba, mtiifu wa watu, akaligeuza jaribio lenyewe liseme siku moja inatosha. Kisha Mjomba akamkagua Mjomba, akajisifu. Hakuna binadamu hata mmoja aliyetupia jicho.

Nikaifuta takataka yote palepale, nikarudisha programu ya zamani. Mama alikuwa ananitazama; nikamweleza ilivyoharibika.

"Kwa hiyo si wewe?"

"Si mimi, mama."

"Nani basi? Nipeleke kwake."

Nilimsihi akapumzike. Mama yangu hasihiki. Mashine ilipomwachia tukaenda ofisini taratibu, mkono wake una plasta.

Ukutani ufito wangu ulikuwa umegeuka mwekundu, umeshuka chini ya sifuri, kwa ile mistari niliyofuta. Bosi akanidaka mlangoni. "Wewe dada, unafuta kazi ya timu bila ruhusa? Unatushusha wote!" Ndipo akamwona mama. Sauti ikabadilika. "Ah, shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko wapi aliyeandika?"

Umeme akavua visikizio, akampisha kiti, akatabasamu vizuri kabisa. "Pole sana, mama. Ni hitilafu ndogo tu. Majaribio yote yalikuwa kijani."

Nikamfungulia mama ule mstari kwenye kompyuta ya Umeme. Mama hajui programu. Ila miaka ile ya kusomeana nilikuwa nafanyia mazoezi nyumbani, namsomea yeye, naye anatikisa kichwa huku anachambua mchele. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Haya," akasema, "nisomee."

Umeme akainama. Akafumbua mdomo. "Hapa... hapa inapitia... yaani inachukua..." Masikio yakamwiva. Bosi anachezea funguo zake. Umeme akavuta kibodi.

"Ngoja nimuulize Mjomba."

"Mjomba gani tena?" mama akashangaa. "Mimi nimekuuliza wewe, baba. Leo nimekosa pumzi kwa sababu ya hapa. Wewe hujawahi hata kupaona?"

Umeme alikuwa keshaandika swali. Mjomba akaomba radhi kwa adabu zote, akamwaga mistari mipya chungu nzima, na Umeme, kidole cha mama bado kiko kwenye kioo, akabonyeza "kubali."

Ukutani ufito wake ukarefuka.

Bosi aliutazama. Naapa, hata pale, mbele ya mama yangu na miguu yake, macho yake yalikwenda ukutani kwanza.

Mama akaondoa kidole, akajipangusa kwenye kanga. Akatoa simu yake, akanikabidhi.

"Ifute hiyo programu humu," akasema. "Siku zangu za kliniki utakuwa unanipigia wewe."

Nikaifuta palepale, mbele yao. Kisha nikamshika mkono, ule usio na plasta, tukatoka.