Intaneti Iliyokuja na Mgeni

Mheshimiwa Munene alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho ni kukata utepe. Alikuwa mkurugenzi wa Waya Mlangoni, mradi wa serikali wa kupeleka intaneti ya kasi katika nyumba za mashambani. Alhamisi ile aliukata utepe uliofungwa mlangoni kwa Mama Gatakaa, nje kidogo ya Kanyakine, akainua mkasi juu kama mtu aliyeua nyoka. Watu wakapiga makofi, maana watu wetu kwa makofi hawana uchoyo.

Cicily, binti wa Gatakaa, alipiga kuliko wote. Alikuwa mwalimu aliyekaa nyumbani miaka bila ajira, na kesho yake saa nane mchana shule moja ya ng'ambo ingemhoji kwa video. Akipita, angefundisha watoto wa huko Kiswahili akiwa papo hapo, karibu na mama yake. Lakini mtandao wa simu pale kwao ulikuwa wa kuwindwa: unapanda juu ya tangi la maji, unainua mkono, unapata maneno mawili na la tatu linakatika. Sasa kwenye meza ya sebuleni kulikuwa na kisanduku cheupe kinachowaka taa za kijani. Aliingiza nywila kwenye simu yake, video ikafunguka papo hapo. Chozi likamtoka, mjinga wa watu.

Kisha wageni wakala. Gatakaa alikuwa amechinja mbuzi na kuponda mukimo wa viazi na mahindi, na kwa heshima za kwao hakumwuliza mgeni neno la shughuli akiwa na tonge mkononi. Mheshimiwa alikula kwa bidii ambayo laiti angeitia kazini, Kenya nzima ingekuwa na intaneti. Walipoinuka, Gatakaa aliwasindikiza na mkungu wa ndizi, kwa kuwa kwake mgeni haondoki mikono mitupu. Fundi wa mradi alikuwa ameshachomoa kisanduku, na mkono wa pili amebeba sinia la nyama iliyobaki. Mama wa watu, kwa adabu zake, akampokea kisanduku, akakibeba mwenyewe hadi garini na kukilaza juu ya ndizi kisivunjike.

"Wamesema wanaenda kukitengeneza kidogo," alimwambia Cicily baadaye. "Na huwezi kumnyang'anya mgeni kitu, mwanangu."

Cicily aliufuata waya uliobaki ukutani. Ulishuka, ukapita nyuma ya choo, ukazama ardhini kando ya migomba. Akauvuta, ukatoka wote, na mwishoni hakukuwa na kitu ila udongo. Ndipo akakumbuka dishi lililofungwa juu ya gari la Mheshimiwa, ambalo yeye alidhani ni la watu wa redio. Intaneti ilitoka humo, na ilikuwa imeondoka na gari.

Angeweza kwenda Meru mjini kutafuta saiba, duka la intaneti ya kulipia. Lakini alikuwa na hasira ya mtu aliyefanywa bwege mbele ya mama yake, na ilikuwa imetangazwa kwamba Ijumaa Mheshimiwa angefungua nyumba nyingine Gachoka, kule Mbeere. Asubuhi akashika njia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Nelius, mjane aliyechaguliwa kwa sababu lango lake lilitosha magari makubwa. Cicily alipolipita, simu yake ilitetema mfukoni. Ilikuwa imejiunga na mtandao yenyewe, bila kuulizwa nywila, kwa sababu kisanduku kilikuwa kilekile.

"Hiki kisanduku," Mheshimiwa alikuwa akinguruma kwenye maikrofoni, "ni chako milele, mama!"

Cicily alimvuta Nelius jikoni akamweleza yote. Nelius alimsikiliza bila kumkatiza, akachukua kufuli, akaenda langoni. Cicily naye akaketi sebuleni karibu na kisanduku, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Saa nane ilipofika, sura ya mwalimu mkuu wa ng'ambo ikatokea kwenye kioo na maswali yakaanza. Nje sahani ziligongana. Alikuwa anaeleza jinsi ya kumfundisha mtoto kusoma silabi pale fundi alipoingia akijifuta mdomo, akanyoosha mkono kwenye plagi.

"Wewe, wacha hiyo!" Nelius alisema kutoka mlangoni. "Si mmesema ni yangu milele?"

"Mum, tunaipeleka tu service."

"Service ifanyiwe hapa. Gate nimefunga, na hiyo gari yenu haiendi mahali."

Mheshimiwa akaja mwenyewe, jasho likimtoka. "Mama, please. Tunangojwa Runyenjes. Watu wako kwa tent tangu asubuhi."

"Na hao mnawapelekea kisanduku gani?"

Mheshimiwa akatupa macho nje. Majirani walikuwa wamejaa madirishani, na hakuna aliyepiga makofi. Kwenye simu sauti ikauliza, "Mwalimu, kuna tatizo?"

"Hakuna, madam. Ni mgeni tu, ameshakula." Cicily akamgeukia Mheshimiwa, akamwonyesha kigoda kilichokuwa pembeni. "Keti. Na unyamaze, niko kazini."

Mheshimiwa Munene akaketi, mkasi wake mapajani, gari lake likingoja nje na dishi lake juu. Na mpaka Cicily alipomaliza kuhojiwa, kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, nyumba moja ya mashambani ilikuwa na intaneti.