Mlango Usio na Nyumba

Dereva wa tingatinga hakuwa mtu wa muziki. Tangu mkewe afariki, redio ya nyumbani ilikuwa imegeuzwa uso ukutani kama mtoto mkorofi. Kazini alijipigia mluzi tu, wimbo mmoja, ule ambao marehemu alikuwa akiuguna akiosha vyombo. Aliwahi kumuuliza ameutoa wapi. Marehemu akamjibu kwamba hajui, labda umetoka kwenye masufuria. Wakacheka, yakaisha, na sasa hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeujua.

Ndivyo alivyodhani, mpaka siku alipokaa kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi huyu ni mtu wa kujifanya mjuzi. Nyimbo ambazo kila mtu anazijua haziweki ng'o. Anafuatilia wasanii wasio na kampuni wala meneja, wanaorekodi chumbani, godoro limeegemezwa mlangoni kuzuia kelele, kisha wanasambaza kazi zao wenyewe kwa simu. Siku hiyo aliweka wimbo wa dada mmoja mwenye gitaa na sauti ya kukwaruza kidogo. Dada akaimba, "Nyumba ilikuwa na mlango, sasa mlango hauna nyumba." Halafu maneno yakaisha, akaanza kuguna. Dereva aligeuza kichwa ghafla, wembe nusura uondoke na sikio.

Ulikuwa wimbo wa masufuria. Ule ule, mpaka pale unapopanda kidogo kabla ya kushuka.

Aliomba awekewe kwenye simu. Kinyozi akamtania kwamba kumbe mzee kapata mchumba. Kuanzia hapo aliusikiliza akila, akifua, akijilaza upande wake wa kitanda, maana ule mwingine hajawahi kuuhamia. Maneno aliyachukulia kuwa ya mfiwa kama yeye. Nani mwingine hubaki na mlango bila nyumba? Alitaka jambo moja tu, kumwona huyo dada amuulize wimbo kautoa wapi. Huenda anatoka upande wa kina marehemu. Huenda huko yuko shangazi anayeujua wote, wakakaa wawili wakamzungumzia mkewe. Alikuwa amechoka kumkumbuka peke yake.

Jumapili alasiri dada yule alikuwa na onyesho kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka la mabati. Dereva alipiga pasi shati akatoka. Njiani msimamizi wake akapiga simu. Kazi yao ndivyo ilivyo: dereva huambiwa mahali pa kubomoa siku moja kabla, na huonywa afunge mdomo, wenye nyumba wasije wakapata muda wa kujikusanya. Msimamizi akataja mtaa wa kesho. Dereva akaitikia sawa bosi, akaendelea na safari yake.

Ukumbini viti vilikuwa vya plastiki na watu walikuwa wachache, wengi wao wa umri wa kuwa watoto wake, kama angejaliwa. Alikaa nyuma kabisa, akasubiri wimbo wake. Dada aliuweka wa mwisho. Kabla ya kuanza alisema kwamba watu wanausikia kwenye simu lakini hawajui ulikotoka. Ni wimbo unaomhusu bibi yake, aliyebomolewa nyumba asubuhi chai ikiwa bado jikoni. Yeye mjukuu alisimama kando akirekodi. Akaunganisha simu na spika.

Muungurumo uliojaa ukumbini dereva aliujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Ukuta ukaanguka. Bibi akalia. Injini ikapunguzwa, na katikati ya kile kilio mtu akapiga mluzi, taratibu, kama yuko bafuni kwake.

"Huyo ndiye dereva," dada alisema. "Bibi yangu analia, yeye anapiga mluzi. Nikasema sawa, nitauchukua huo wimbo wako, nitauimba kila mahali mpaka ukufikie masikioni."

Watu wakapiga makofi. Dereva alijaribu kuikumbuka hiyo nyumba, ikakataa kuja. Zilikuwa nyingi mno. Miaka yote watu walikuwa wakimrushia mawe, yanagonga wavu wa kioo cha mashine na kuanguka. Wakamlaani, akaongeza moto wa injini. Lakini huu wimbo aliukaribisha mwenyewe, akaununulia bando, akalala nao. Aliona aibu. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi: hapakuwa na shangazi yeyote. Mtu wa pili aliyeujua wimbo wa mkewe alikuwa ameuokota mdomoni mwake.

Alingoja watu wapungue, akamfuata dada aliyekuwa akikunja nyaya.

"Dereva ni mimi," alisema.

Akamweleza kwamba mluzi ni wa marehemu mkewe, kwamba humtoka bila kujijua, kwamba hakuwa anamcheka mtu. Dada akampa pole ya msiba kwa adabu kabisa.

"Lakini baba, nyumba ya bibi hairudi kwa sababu hukuwa unacheka."

"Najua. Ila usiufute. Haupo popote pengine."

"Siufuti," dada alisema. "Na sitaacha kusema nilikoutoa."

Akarudi kwenye nyaya zake. Dereva angeweza kuondoka hapo. Badala yake akamtajia mtaa utakaobomolewa kesho, akasema kwamba mashine itafika alfajiri. Dada akaziachia nyaya chini, akaita wenzake, simu tayari iko sikioni. Viti vikasukumwa, watu wakakimbilia nje. Mlangoni akageuka.

"Na wewe utakuja?"

"Nitakuja. Funguo za mashine ninazo mimi."

Dada hakuuliza atazifanyia nini, akatoka mbio. Dereva akabaki peke yake na viti, funguo zikiwa mfukoni, naye hajaamua bado kama alfajiri ataiwasha mashine au ataiacha imezimwa.