Bega la Mkwe

Waendesha baiskeli wa Mantapala, makazi ya wakimbizi wa Kongo huko Zambia, wana mahali pao pa kuumia, na Mama Florentine alipajua pote. Anayeanguka kwenye mteremko wa changarawe huvunja mtulinga, ule mfupa wa begani. Anayetanguliza mkono huteguka kifundo. Wanaoangukia mchanga wa kando ya ziwa huchubuka magoti tu, na hao ndio wenye makelele kuliko wote. Wote aliwakanda kwa maji ya moto, akawafunga, akawagombeza kwa mwendo wao wa kichaa.

Safari hii aliyeanguka alikuwa Ruffin, mume wa binti yake Gloire. Alikuwa anatoka Nchelenge alfajiri na mzigo wa samaki wakavu kwenye baiskeli yake ya gia, breki zikamkatalia mteremkoni. Sasa, kwao mama mkwe haoni kifua cha mkwewe, sembuse kukigusa. Tangu harusi wawili hao walisalimiana kila mmoja akitazama kando. Basi Florentine akaketi nje ya pazia la chumba, na Gloire akawa mikono yake.

"Inamuuma wapi?"

"Ku bega ya kushoto, mama."

"Basi njo mutulinga ule, umevunjika. Kanda polepole."

Gloire alikanda asubuhi nzima. Florentine hakuwa na wasiwasi, maana mitulinga alikwisha kufunga mingi. Lakini kufika saa sita sauti ya Ruffin ilikuwa imefifia, na kila mara aliomba maji. Hapo hofu ikamwingia.

"Ukiminya pale, analia?"

"Hapana. Hasikie hata kitu. Lakini anasema bega inamuuma tu."

Mfupa uliovunjika hauminywi mtu akanyamaza; bega linalouma hivyo, maumivu yake huwa yametoka tumboni. Florentine alijua hilo siku zote, na bado hakuuliza mapema. Hakumwambia hata Gloire atazame tumbo. Alijichukia pale pale alipoketi, kisha akasukuma pazia akaingia.

Ruffin, pamoja na hali yake ile, alijikokota kugeukia ukuta, akavuta shuka hadi kidevuni.

"Mama, tafazali. Toka. Ni haya kubwa."

"Haya nitabeba miye. Weye fungua shati."

Hakufungua. Alifungua Florentine mwenyewe. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na alama ya duara, pale ncha ya usukani ilipomchoma, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Damu ilikuwa inavujia ndani.

Jirani yao Lombe aliwabeba kwa pikipiki hadi hospitalini. Ruffin alikaa katikati, na nyuma yake Florentine, amemkumbatia kifuani asianguke, wakapita hivyo sokoni mbele ya watu wote. Madaktari walimpasua, wakamtoa bandama. Akapona.

Alipopata nguvu, akahama. Gloire ndiye aliyekuja kuaga, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mama, anasema hawezi kuikala karibu na mama mukwe mwenye alimuona vile."

Wakaenda Chienge, pamoja na wajukuu. Majirani wanasema Florentine alijitakia mwenyewe. Nyumba imempwaya, na akilia hajifichi. Lakini thubutu umuulize kama anajuta, atakukazia macho kwa hasira.

"Najuta, ndiyo. Ningeliingia asubuhi."