Mtungi wa Zuena Ulipooshwa kwa Sabuni

Zuena alikuwa anageuza chapati za kuuza pale Chamazi aliposikia jirani yake wa mihogo akisema, "Shoga, bwana afya huyo."

Akatupa jicho haraka. Masufuria yamefunikwa, kitambaa kichwani, maji ya kunawa yapo. Ukabaki mtungi.

Ulikuwa wa marehemu mama yake, alikuja nao kutoka Lindi. Mama alikuwaga anausugua kwa mchanga, anauanika, kisha anaufukiza ubani kabla ya kutia maji yaliyochemshwa. Ukinywa, ubaridi unashuka mpaka tumboni, harufu inabaki puani. Watoto wakitoka madrasa walijipanga mlangoni kwao kama kuna shughuli. Hata sasa mafundi wa ujenzi walikula kwa Zuena kwa ajili ya yale maji, na Stanley, bwana afya mwenyewe, hapitagi bila kikombe.

"Dada Zuena, safari hii kuna agizo. Huo mtungi unauoshea nini?"

"Mchanga na ubani, kama siku zote."

"Sabuni je?"

"Mtungi hauoshwi kwa sabuni, kaka'angu. Udongo unainywa."

"Mie nimeambiwa kila chombo sabuni. Nikirudi mchana bado, nafunga hapa."

Pembeni ya miguu yake mtaro ulikuwa umefurika maji meusi, inzi wamejaa.

"Na huu?"

"Huo si wa idara yetu."

Zuena akawaza wanawe, wote wanakula na kusoma kwa meza hii. Akachota sabuni ya unga, akausugua mtungi ndani na nje. Nyie mliorithi mitungi ya mama zenu, hapa msimfuate: udongo ukishakunywa sabuni, hautapiki tena. Alisuuza mpaka mikono ikachoka. Akafukiza, akatia maji.

Mchana Kasiani, fundi wa matofali, akaonja, akaweka kikombe chini. "Dada, leo tunakunywa au tunafua?"

Wenzake wakacheka, wakaondoka kwenda kununua maji ya chupa dukani. Zuena akainamia mdomo wa mtungi, akavuta pumzi. Mama hakuwemo.

Stanley akarudi, akachungulia ndani, akaridhika. "Sasa hapo sawa. Hebu nipe kikombe, jua kali leo."

Akapiga funda moja, akalitemea mtaroni.

"Mbona sabuni tupu?"

"Ndiyo agizo, kaka'angu." Zuena akamjazia tena mpaka juu, akamshikisha. "Malizia."